Kompyuta Kuukuu na Bei Yake

(Maneno aliyoyasema mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, wenzangu tuliokula maharage ya jiko lile pale, na ninyi vijana mnaoyala sasa,

Nimeombwa niseme juu ya mitambo ya kisasa. Mimi nilikuwa karani wa hesabu hadi nilipostaafu, kwa hiyo nitasema juu ya mtambo mmoja tu: kompyuta mpakato yangu, ThinkPad T420, aina iliyotoka mwaka 2011, ambayo niliamua kuiuza mwishoni mwa mwaka 2025.

Ilikuwa na kumbukumbu, yaani RAM, ya gigabaiti 4. Nilitaka shilingi 200,000. Fundi mmoja akaniambia, "Mzee, ongeza gigabaiti 4 kwa shilingi 35,000, halafu pandisha bei kwa 80,000. Mteja akiona 8 hasiti." Kwa mtu wa hesabu, maneno hayo ni matamu.

Mnunuzi alikwisha patikana: kijana wa jirani yangu, dereva wa bodaboda, aliyeweka akiba ili akasome uhasibu. Aliniuliza jambo moja tu: "Shikamoo mzee. Hii itanifikisha mpaka nimalize chuo?" Nikamwambia nitamjibu kesho.

Usiku ule nilikaa nayo. Kumbukumbu ni meza ya kufanyia kazi, na diski ni kabati. Meza ikiwa ndogo, mashine hurudisha karatasi kabatini na kuzitoa tena, na kabati langu lilikuwa diski ya kuzunguka, ya mwendo wa pole. Nilifungua barua, jedwali la hesabu na kurasa kadhaa za intaneti, nikatazama kipimo kilichomo ndani ya Windows. Kumbukumbu ilijaa, ni kweli. Lakini hata nilipoiwasha tu, kabla sijafungua kitu, diski ilikuwa inahangaika kwa asilimia 100. Ugonjwa mkubwa ulikuwa huko.

Tena, Windows 10 ilikoma kupata matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiikubali rasmi prosesa ya kizazi kile, hata uijaze kumbukumbu namna gani.

Nakiri nilisita. Faida ya 45,000 ni fedha kwa mstaafu, na nisingesema uongo wowote. Ningenyamaza tu.

Asubuhi nikamwita, nikamwonyesha yote. Nikamwambia naiuza kama ilivyo kwa 150,000. Hiyo 50,000 inayobaki atafute kwanza diski ya SSD, aweke Linux Mint, na kumbukumbu aongeze baadaye akiona haja. Nikamwonya kuwa mashine ile inataka DDR3, kwani DDR4 haiingii kabisa. (Ninyi wenye Windows ya biti 32 msijisumbue kupita gigabaiti 4, haitaziona. Na mwenye MacBook Air hana la kuamua, kumbukumbu yake imechomelewa kwenye bodi.)

Kijana alifikiri, kisha akaomba nipunguze 10,000 nyingine. Nikapunguza, kwa shingo upande.

Kabla ya kumkabidhi niliifuta diski nzima, maana ilikuwa na hati za benki na za mirathi ya marehemu kaka yangu. Kufuta faili moja moja hakutoshi, vijana, zinaweza kufufuliwa.

Fundi alinicheka sana. Juzi kijana alipita nyumbani na mashine mgongoni. SSD ameweka, kumbukumbu ni ile ile 4. Anasema jedwali linakwenda vizuri, ila akifungua kurasa nyingi inamchosha, na ataongeza msimu wa abiria ukichanganya. Naona Mwenyekiti ananionyesha saa.