Masala Kulangwa na Pacha wa Xibalba: Maswali ya Mwanafunzi Kuhusu Mashujaa wa Visasili

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayekutana kwa mara ya kwanza na visasili vya Wamaya, yaani masimulizi yanayoeleza jinsi ulimwengu na binadamu walivyopata kuwapo, huuliza kama mashujaa wa visasili hivyo ni watu au miungu, kwa nini kuzaliwa kwao si kwa kawaida, na nguvu zao hutoka wapi. Kwa mwanafunzi wa Bariadi, mkoani Simiyu, maswali hayo yana majibu karibu zaidi kuliko anavyodhani, kwa kuwa Wasukuma, ambao ndio wakazi wengi wa mkoa huo uliomegwa hasa kutoka Shinyanga mwaka 2012, wana shujaa wao wa namna hiyo, Masala Kulangwa.

Inasimuliwa kwamba zimwi liitwalo Shing'weng'we lilimeza watu wote pamoja na mifugo yao, akasalia mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha katika lundo la pumba. Mtoto wake, Masala, alipokua aliuliza watu wengine wako wapi, na alipoelezwa akashika njia kwenda kumtafuta adui. Kwanza alirudi na panzi, akatangaza kwamba amemuua Shing'weng'we. Mama akamwambia huyo ni panzi tu, wamchome wamle. Akarudi na ndege, kisha na swala, na kila mara akasahihishwa, hata siku alipolikuta zimwi lenyewe akaliua, akalipasua tumbo, na watu wakatoka wakiwa hai, baba yake akiwamo.

Msomaji wa pwani hatashindwa kutambua sura hii. Katika hadithi ya Sultani Majnuni, iliyoandikwa Zanzibar na Edward Steere na kuchapishwa mwaka 1870, mwana mdogo wa sultani humletea mama yake mnyama mmoja baada ya mwingine akidhani ndiye Nunda mla watu, na mama hukana mpaka Nunda mwenyewe anapouawa. Mafunzo ya shujaa, Usukuma na Unguja, ni kukosea mbele ya mtu anayejua, na kurudi tena porini.

Wamaya wa kabila la K'iche', katika nyanda za juu za Guatemala, wana kitabu kiitwacho Popol Vuh, kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini katikati ya karne ya 16 na kunakiliwa na padri Francisco Ximénez mwanzoni mwa karne ya 18. Humo, ndugu wawili waliitwa waende Xibalba, makao ya mabwana wa mauti chini ya ardhi, wakawaamkia vinyago vya mti wakidhani ndio wenyeji wao, wakachekwa na hatimaye kuuawa. Fuvu la mmoja wao, lililotundikwa mtini, lilimtemea mate kiganjani msichana Xquic, binti wa mmoja wa mabwana hao, naye akapata mimba. Alipohukumiwa kufa alitoroka, akajifungua pacha Hunahpu na Xbalanque. Pacha hao walipoitwa waende Xibalba kwa zamu yao walimtanguliza mbu awaume waliokuwa wameketi. Vinyago havikulia, kila bwana aliyeumwa alipiga kelele, na mwenzake akamuuliza kwa jina lake kilichompata, hivyo pacha wakayajua majina yote kabla ya kuingia.

Hapa ndipo jibu kuhusu nguvu za shujaa linapopatikana. Miujiza ipo kwa wingi, lakini baba wa pacha alishindwa kwa kutomtambua adui, na wanawe walishinda kwa kumtambua, kama Masala alivyohitaji kwanza kujua kwamba panzi si zimwi. Hata kuzaliwa kwao kuna mantiki hiyohiyo: mama wa kila upande amebeba mimba iliyoponyoka mikononi mwa mauti, na kwa hiyo mtoto anaingia duniani akiwa nje ya himaya ya yule atakayemshinda.

Mwisho wa masimulizi hayo unatofautiana sana, na tofauti hiyo inastahili uzito kuliko mfanano. Pacha wa K'iche' walijaribu kumrejeshea baba yao uhai wake wote wasiweze, kisha wakapaa wakawa jua na mwezi, na ni baada ya ushindi wao ndipo watu wa kwanza walipoumbwa kwa unga wa mahindi, zao lililokuja kufika Simiyu kutoka Amerika na kuwa ugali wa kila siku. Masala hapai popote. Alipokuwa akilipasua tumbo la zimwi alimkata bibi kizee sikio, na bibi huyo, aliyekwisha kuokolewa, akakasirika na kutaka kumdhuru kwa uchawi, ikambidi mwokozi atafute dawa na kumponya. Baada ya hapo watu wakamfanya mtemi wao. Wasukuma, walioishi chini ya watemi mpaka serikali ya Tanganyika ilipoufuta utawala wa machifu mwaka 1963, waliweka katika kisasili chao sharti ambalo Popol Vuh haina: kwamba anayewatoa watu tumboni mwa zimwi bado anadaiwa sikio la bibi kizee mmoja, na hapewi utemi kabla hajalilipa.