FOMU MBILI HUKO UHOLANZI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimetakiwa kunena juu ya mataifa yaliyokaliwa na Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili. Habari za bunduki nawaachia askari. Mimi ni karani, nitanena habari za makarani.

Wajerumani waliingia Uholanzi tarehe 10 Mei 1940. Malkia Wilhelmina na mawaziri wake wakavuka bahari kwenda London, lakini makatibu wakuu wa wizara walibaki mezani pao, wakidhani kwamba kubaki kwao kutawakinga raia. Mwezi wa Oktoba zikaletwa fomu mbili: moja ya mtu asiye na asili ya Kiyahudi, na moja ya aliye nayo. Kila mtumishi wa Serikali alitakiwa kujaza iliyo yake. Waliokataa walikuwa wachache mno. Ni nani kati yetu ambaye hajapata kutia sahihi karatasi kwa sababu tu imeshuka kutoka juu? Mwezi uliofuata watumishi Wayahudi walisimamishwa kazi, hata L. E. Visser, rais wa mahakama kuu ya nchi.

Tarehe 26 Novemba Profesa Cleveringa alisimama katika chuo kikuu cha Leiden, akamtetea hadharani mwalimu wake Meijers aliyeondolewa, akatiwa kifungoni. Februari 1941, Wayahudi walipokamatwa njiani Amsterdam, wafanyakazi wa mji, waendesha tramu na wazoa taka, waliacha kazi, na mji ukasimama.

Lakini daftari lilikuwa likiandikwa. Amri ya Januari 1941 iliwalazimisha Wayahudi wote kujiandikisha, na makarani wakaandika kwa mwandiko safi, kama tulivyofundishwa sote. Tarehe 27 Machi 1943 wapinzani, wengine wamevaa sare za polisi, waliingia katika ofisi ya daftari la raia Amsterdam, wakazimwaga kadi sakafuni na kuzitia moto. Wazima moto hawakufanya haraka. Na walipofika, walimwaga maji kupita haja, ili kadi zisizoungua zilowe. Watu 12 walipigwa risasi tarehe 1 Julai. Na kadi zilizo nyingi zilisalimika.

Katika Wayahudi wapatao 140,000 wa nchi ile, zaidi ya 100,000 waliuawa.

Mtaniuliza, je, aliyetia sahihi Oktoba 1940 alikuwa msaliti? Sidhani. Alikuwa na watoto na mshahara, na fomu yenyewe ilikuwa fupi. Wako hata waliokuja kuiba kadi za chakula ofisini wawalishe waliojificha. Lakini fomu zao zilikuwa zimekwisha kupelekwa.

Naketi, nisikie maswali yenu.