Baridi ya Mlimani na Joto la Chumbani

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa polisi na wananchi, Mbale



Mmezoea kutusikia tukizungumza juu ya magendo na wizi wa ng'ombe. Leo tunaomba mtusikilize juu ya baridi. Wenzetu wa Jinja hucheka wakisikia mtu amenunua hita, kwa kuwa kwao, kando ya ziwa na Mto Nile, feni ndiyo yenye kazi. Lakini askari anayehamishwa kutoka Jinja kwenda Kapchorwa hupiga simu nyumbani katika wiki ya kwanza akiomba blanketi. Ukungu wa Mlima Elgon ukishuka usiku, kila mtu hutafuta joto, na joto lililo karibu ni sigiri.

Kuna mlango mmoja ambao tulilazimika kuuvunja asubuhi, katika vyumba vya kupanga. Ndani walikuwamo mume, mke na mtoto, wamelala kama watu waliochoka. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa gunia, na katikati ya chumba palikuwa na sigiri yenye majivu. Kabla hatujatoa miili, umati ulikwisha kutoa hukumu: jirani aliyewapelekea chakula jioni ndiye aliyewapa sumu. Tulimwondoa mama yule kwa gari letu huku mawe yakigonga mabati. Daktari alipochunguza, alisema ni gesi ya makaa. Mama hakuwa na kosa lolote, lakini hakurudi tena kuishi pale.

Gesi hiyo huitwa kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Wengi wetu huamini kwamba makaa yakikoma kutoa moshi na kuwa mekundu, yamekuwa salama kuingizwa ndani. Sivyo. Makaa mekundu huendelea kutoa gesi hiyo, nayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 hivi. Mtu huanza kuumwa kichwa, akaona kizunguzungu na kichefuchefu, miguu ikalegea. Na aliyelala haamki kuyahisi hayo. Basi sigiri isilale na watu chumbani, hata kwa saa moja.

Mwenye umeme anaweza kuchagua hita, nayo haitoi gesi hiyo. Tumeulizwa mara nyingi ni ipi iliyo bora. Kwa chumba cha kulala, sisi tungechagua ile yenye mafuta ndani, iliyofanana na mbavu za chuma. Mafuta hayo hayaongezwi wala hayaungui; hupashwa moto na umeme, kisha chuma hutoa joto polepole. Haina waya mwekundu ulio wazi wa kuwasha shuka au chandarua. Hita ya vijiti vyekundu hupasha upesi, lakini tunaiogopa mahali penye watoto na nguo zilizoanikwa. Ile ya feni ni nafuu kununua, inafaa kwa muda mfupi ukiwa macho. Hita yoyote utakayochukua, iwe na kidhibiti joto kinachoizima chumba kikipata joto la kutosha, na swichi inayokata umeme ikianguka. Muombe mwenye duka aiwashe, kisha uiinamishe mbele yake. Asiyekubali, ondoka dukani kwake.

Usivutwe na ukubwa. Chumba cha mita tatu kwa tatu hutoshwa na hita ya wati 1,000. Ile ya wati 2,000 hula uniti mbili kwa saa ikiwaka bila kukatika, na mita ya Yaka haina huruma. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja mwaka 1954, na la Bujagali likafuata mwaka 2012, lakini ukaribu wa mabwawa haujampunguzia mtu bei.

Sasa tufike kwenye waya, kwa maana hapo ndipo zimamoto wetu hupata kazi. Hita ya wati 2,000 huvuta ampea zaidi ya nane. Waya mwembamba wa kurefushia umeme, uliokwisha kubeba televisheni na pasi, hupata moto na kuyeyuka chini ya zulia bila mtu kuona. Chomeka hita moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Plagi ikiwa ya moto unapoigusa, zima, umwite fundi. Soketi zetu ni za miguu mitatu. Ukiona mtu analazimisha plagi ya miguu miwili kwa kijiti, mzuie hata kama ni mkwe wako.

Kwenu mnaokaa mpakani tuna neno la ziada. Hita zinazopita usiku kwa njia za panya hazikukaguliwa na Shirika la Viwango la Uganda wala na wenzao wa Kenya, na bei yake ndogo hutokana mara nyingi na waya mwembamba uliofichwa ndani. Nunueni kwenye duka linalotoa risiti.

Asiye na umeme apashe nyumba kwa sigiri mlango ukiwa wazi, kisha aitoe nje kabla ya kulala, na watoto walale pamoja chini ya mablanketi mawili. Mkimkuta jirani amezimia chumbani, fungueni mlango na madirisha, mtoeni nje penye hewa, kisha pigeni 999 au 112. Wala msimtafute mchawi kabla daktari hajasema.

Waliokuja na hita zao, maafisa wetu wa zimamoto wameketi pale chini ya mwembe. Watazitazama moja moja, bila malipo, hadi saa kumi jioni.