Nguvu ya Bangi Si Uzuri Wake
Mazungumzo na mama, siku ya kupima watoto

Wenye kunyonyesha, nyonyesheni tu, hapa hakuna haya.

Leo hatusemi juu ya uji wala chanjo. Mama mmoja alituletea swali. Aliliuliza kwa sauti ya chini, mtoto wake akiwa kwenye kilo. Alisema: "Bwana yangu anavuta bangi. Nikimulalamikia, ananijibu: 'Ile ya bei ya chini ndiyo inaharibu watu. Miye ninanunua ya nguvu, ya bei kubwa. Ile ni safi.' Ni kweli?"

Swali hili si la mama mmoja. Tunajua kwamba vijana wengi wa mashimo wanavuta ili kuondoa woga na uchovu. Basi tulijibu pole pole, na leo tunawajibu ninyi wote.

Tuanze na mawe

Hapa Kolwezi, hata mtoto mdogo anajua bei ya mawe. Mchimbaji anapeleka mfuko wake kwa wanunuzi, kama kule Musompo. Wanapima uzito. Halafu wanapima kwa mashine kiasi cha shaba au kobalti kilicho ndani ya jiwe. Kiasi kikiwa kikubwa, bei inapanda. Kikiwa kidogo, bei inashuka.

Kwa mawe, desturi hiyo ni ya haki. Mnunuzi anatafuta shaba tu, na jiwe haliingii tumboni mwake. Lakini sisi tumezoea kupima vitu vyote namna hiyo. Tunasema: chenye nguvu ndicho kizuri, na kizuri ndicho cha bei. Hapo ndipo tunapotea. Kitu kinachoingia mwilini hakipimwi kama jiwe.

Nguvu ya bangi ni nini?

Ndani ya bangi mna kitu kinacholevya kichwa. Wenye elimu wanakiita THC. Kiko kwa wingi katika maua ya mmea jike. Katika mbegu na vijiti ni kidogo sana. Mtu akisema "hii ni ya nguvu," anasema tu kwamba THC ni nyingi. Hasemi neno lingine lolote. Hasemi ni safi. Hasemi haina sumu.

Tena, nguvu hiyo imeongezeka katika nchi nyingi. Marekani, wapimaji walipima bangi iliyokamatwa na serikali. Mwaka 1995 THC ilikuwa kama asilimia 4. Mwaka 2014 ilifika kama asilimia 12, maana yake mara 3. Kwa hiyo mzee akisema, "Sisi tulivuta zamani na hatukupata wazimu," mwambie kwa heshima: "Baba, labda ile yenu haikuwa hii."

Je, nguvu ikizidi, faida inazidi? Hapana, hatari ndiyo inazidi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019, uliofanywa katika miji ya Ulaya na Brazil, ulionyesha hivi: wenye kuvuta kila siku bangi kali walipata ugonjwa wa akili karibu mara 5 kuliko wale wasiovuta kabisa. Na mtu aliyelewa akishuka shimoni, asisikie udongo unaolia juu yake, huyo amenunua kifo kwa franka zake mwenyewe.

Usafi je?

Usafi ni neno jingine kabisa. Macho na pua havitoshi kuujua. Mwaka 2007, katika mji wa Leipzig, Ujerumani, vijana wengi walifika hospitali na maumivu makali ya tumbo na upungufu wa damu. Waganga walikuta risasi katika damu yao, ile metali nzito. Wauzaji walikuwa wameitia katika bangi ili iwe nzito kwenye mizani. Wanunuzi walilipia uzito, wakapewa sumu.

Nasi tukumbuke udongo wetu. Mmea wa bangi unajulikana kwa kuvuta metali kutoka ardhini. Huko Kasulo, kobalti ilipatikana chini ya nyumba mwaka 2014, na watu wakachimba katika viwanja vyao. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 ulikuta watoto wa pale wana kobalti nyingi mwilini kuliko watoto wa mtaa wa jirani. Mmea uliokua katika udongo wa namna hiyo utatoa nini? Hauna karatasi ya kueleza ulikokua. Muuzaji mwenyewe hajui.

Mambo ni yale yale kwa lutuku. Mtu anawasha kiberiti. Lutuku ikiwaka, anasema, "Ni safi, ni ya nguvu." Lakini metanoli, ile pombe inayopofusha macho na kuua, nayo inawaka vizuri. Moto unaonyesha nguvu tu, hauonyeshi sumu.

Mbona dawa za hospitali zina nguvu?

Mama mwingine atasema: "Na ninyi mnatupa dawa kali." Ndiyo. Lakini angalieni tunavyofanya. Karatasi ya dawa inaandika kiasi kilichomo. Kidonge cha paracetamol cha miligramu 500 ni cha mtu mzima. Mtoto tunampandisha kwanza kwenye kilo, halafu tunahesabu kiasi chake. Dawa nzuri ni ile inayojulikana ilivyo, inayotosha, isiyozidi. Dawa ile ile ikizidi inaharibu ini. Ukali peke yake haumponyi mtu.

Mama mwenye mimba na mama anayenyonyesha

Wako wanaowaambia: "Vuta kidogo, kichefuchefu kitaisha." Msikubali. THC inapita kutoka damu ya mama mpaka kwa mtoto tumboni. Inaingia pia katika maziwa. Inakaa katika mafuta ya mwili siku nyingi, hata majuma. Mtoto wa mama anayevuta anaweza kuzaliwa na kilo kidogo. Na ile mnayoiita "nzuri," yaani kali, ndiyo inayompelekea mtoto nyingi zaidi.

Kama umekwisha kuvuta, usijifiche. Mwambie mzalishaji. Tunauliza ili tukutunze, hatuulizi kwa ajili ya polisi. Wala usimwachishe mtoto ziwa kwa woga. Acha bangi, kisha njoo tuzungumze.

Mtoto akila bangi

Bangi ikiliwa haionyeshi nguvu mara moja. Saa nzima inaweza kupita, au zaidi. Halafu mtoto anayumbayumba, analegea, analala usingizi usio wa kawaida, au pumzi inapungua. Fanya hivi:
1. Mlete hospitali mara moja, hata usiku.
2. Njiani mlaze kwa ubavu.
3. Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta. Akiwa amelegea, vitamziba pumzi.
4. Sema ukweli: "Amekula bangi." Ukificha, munganga atatafuta malaria na wakati utapita.

Thamani ni nini basi?

Sheria ya nchi yetu inakataza bangi. Kwa hiyo hakuna mkaguzi sokoni, wala mahali pa kumshtaki muuzaji aliyekudanganya. Bei kubwa haikuletei ulinzi wowote. Inakuonyesha tu kwamba muuzaji amepata mtu wa kulipa.

Mama, fanya hesabu nyumbani bila kupiga kelele. Mngojee bwana apumzike, ale bukari yake. Umwambie: "Baba wa watoto, tuandike franka za bangi za juma hili." Andikeni. Pembeni andikeni unga, sombe, samaki, sabuni, masomo. Kisha mwulize: "Katika hivi vyote, kipi kimeongeza kilo ya mtoto wetu?" Usimwite mwendawazimu. Mwambie unataka atoke shimoni salama jioni, kwa maana hakuna jiwe linaloweza kukaa mahali pake mezani. Akitaka kuacha na akishindwa, njooni naye. Kushindwa mara ya kwanza si haya.

Mama akumbuke

Nguvu inaonyesha ukubwa wa kilevi, haionyeshi uzuri.
Bei kubwa haisafishi sumu.
Mwenye mimba na mwenye kunyonyesha asivute hata kidogo.
Mtoto akila, hospitali mara moja, na ukweli mdomoni.

Yule mama aliyeuliza alitusikiliza mpaka mwisho. Akamchukua mtoto kwenye kilo, akamfunga mgongoni, akasema: "Basi alikuwa ananunua jina tu." Ndivyo, mama. Nendeni mkawaambie na wengine.