Fedha Zizaliwazo Katika Daftari

Wasikilizaji wetu, wengi hudhani ya kuwa benki ni kama ghala la mahindi: watu huweka magunia yao, na mwenye ghala huwaazima wengine magunia yale yale. Kumbe sivyo.

Tutwae mfano. Mkulima wa Poli, katika miteremko ya Mlima Meru, ataka mashine ya kumenyea kahawa. Aenda benki mjini Arusha, akubaliwa mkopo wa shilingi 4,000,000. Karani hafungui sanduku akatoa noti za wenye akiba. Huandika katika daftari, ambalo siku hizi ni kompyuta, mambo mawili kwa mara moja: mkulima adaiwa 4,000,000; tena mkulima ana amana ya 4,000,000. Akiba ya mtu mwingine haikupungua hata senti moja. Mkulima humlipa mwenye duka, na mwenye duka huwalipa mafundi wake. Fedha hizi zanunua vitu sawasawa na noti, nazo jana hazikuwapo.

Kahawa ikiisha kuuzwa, mkulima hulipa deni. Hapo amana na deni hufutwa pamoja, na fedha zile hutoweka. Ibakiayo ni mashine, na riba iliyokwenda kwa benki.

Je, benki yaweza kuandika kiasi ipendacho? La, haiwezi. Kwanza, wenye amana huweza kutaka noti, na noti hutolewa na Benki Kuu ya Tanzania peke yake, iliyofunguliwa tarehe 14 Juni 1966. Pili, mwenye duka akiwa na hesabu katika benki nyingine, benki ya kwanza yapaswa kuilipa ile ya pili kwa akiba iliyowekwa Benki Kuu. Tatu, wakopaji wasipolipa, hasara hula mtaji wa benki yenyewe. Na mtaji ukiisha, benki hufa.

Basi si ajabu kwamba Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, liliyataja mabenki pamoja na ardhi na madini katika njia kuu za uchumi, na kesho yake yakataifishwa. Maana akopeshaye ndiye achaguaye nani azipate fedha mpya. Sheria ya mwaka 1991 iliwafungulia tena watu binafsi mlango wa kuanzisha mabenki.

Lakini angalieni: benki huumba fedha kwa kalamu, na mkulima hulipa kwa jasho. Mvua ikikosa, au bei ya kahawa ikishuka, deni halishuki; na shamba likiwa rehani, huweza kupotea pamoja na migomba yake. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Kabla ya kutia sahihi, jiulize: je, mashine hii itazaa zaidi ya riba? Na mwaka wa bei mbaya, nitalipa kwa nini? Mwenye majibu mawili hayo na akope. Asiyenayo na angoje.

Kwa herini.