Maziwa Si Kinga ya Moshi
(Maneno yaliyosemwa na mjumbe wa usalama mbele ya mafundi wa kuchomea vyuma)



Leo nataka tuseme habari ya maziwa. Katika karakana nyingi tajiri humpa fundi paketi moja ya maziwa kila siku, akahesabu kuwa wajibu wake umekwisha. Nasi twapokea kwa furaha. Maziwa ni chakula kizuri, sikatai. Lakini maziwa huingia tumboni, na moshi huingia mapafuni.

Fundi akichomea bomba au bati lililopakwa zinki, hutoka moshi mweupe. Wakati ule hasikii kitu, ila pengine ladha ya chuma mdomoni. Saa kadha baadaye, yuko nyumbani, baridi yamshika, homa yapanda, viungo vyauma. Asema ni malaria, anunua vidonge. Baada ya siku moja au mbili homa yaondoka, naye avisifu vidonge! Kumbe ilikuwa homa ya moshi. Wengine huiita homa ya Jumatatu, maana humshika zaidi aliyetoka kupumzika. Basi ukishikwa na homa nenda ukapimwe damu, na umwambie daktari kazi yako ni gani.

Homa hiyo hupita. Liko jambo zito zaidi. Mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa kuchomea vyuma katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu, yaani saratani ya mapafu. Hapo paketi ya maziwa itafanya nini?

Tudai mashine ya kuvuta moshi, mdomo wake ukae karibu na rodi. Feni ya kupuliza tu humpelekea moshi jirani yako. Zinki ikwanguliwe kwanza mahali pa kuungia. Kazi inayoweza kufanywa nje ifanywe nje, wala fundi asiinamishe uso juu ya moshi. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii. Itakiwe barakoa yenye chujio la moshi wa chuma. Habari ya kioo cheusi mnaijua.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka tajiri atoe vifaa vya kinga. Tena mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi sharti pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawe na wajumbe ndani yake. Je, kwenu iko? Kila mjumbe wa karakana alete jibu mkutano ujao, ndiyo au la, ili Katibu apate kuandika barua.