DAWA KABLA YA MAUMIVU
(Hotuba kwa wanachama, Nairobi)



Leo twataka kusema juu ya vidonge vya maumivu. Wako kati yetu ambao wakitoka Kawangware, Kangemi au Dagoretti alfajiri hupitia dukani, wakameza vidonge viwili kabla ya kushika sululu au kubeba mataruma. Husema, "Mgongo utauma tu, heri kuutangulia." Je, jambo hili lina maana?

Mwili ukiumia, mahali palipoumia hutengeneza vitu viitwavyo prostaglandini. Hivyo huleta uvimbe na joto, na kuitia mishipa ya fahamu ukali, hata kuguswa kidogo kukauma. Mwaka 1971 mtaalamu John Vane, huko London, alionyesha kwamba aspirini huzuia vitu hivyo visitengenezwe. Mwaka 1982 akapewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo dawa ikitangulia, hukuta uvimbe haujaanza. Ndiyo sababu madaktari wa upasuaji huweza kumpa mgonjwa dawa kabla ya kisu, ingawa majaribio yao hayakupatana yote kwamba kutangulia kwashinda kufuatia.

Lakini ndugu, angalieni tofauti. Kisu cha daktari hukata mara moja, kisha mgonjwa hulala akapona. Beleshi huumiza leo, kesho na kesho kutwa. Daktari hupima dawa, tena huuliza habari za tumbo na figo. Kazini kidonge humezwa na tumbo tupu, na jasho latoka juani bila maji. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo, hasa mwili ukipungukiwa na maji. Tena aspirini huchelewesha damu kuganda; ukienda kupasuliwa, mwambie daktari ulichomeza.

Iko hasara nyingine. Maumivu ni kama taa nyekundu njiani. Hakuna dereva wa gari la moshi aifunikaye kwa kitambaa ili afike upesi. Maumivu yakinyamazishwa, mtu huendelea kubeba kwa mgongo uliokwisha umia, wala habari haifiki ofisini. Na sheria ya fidia ya kuumia kazini ya mwaka 2007 yataka tajiri aarifiwe ajali, kwa mdomo au kwa maandishi. Jeraha lililofichwa kwa kidonge halina karatasi. Siku mtu atakaposhindwa kuinama, atadai kwa ushahidi gani?

Basi tudai yanayotangulia maumivu kweli kweli: watu wa kutosha kwa kila taruma, maji ya kunywa karibu, na nafasi ya kupumzika. Mwili ukiuma, nyapara na mwakilishi wa chama waambiwe siku ile ile, na mgonjwa aende kwa daktari. Kidonge kina kazi yake, lakini hakiwezi kushika upande wa pili wa taruma. Mwenzako aweza.

Umoja ni nguvu.